Pudini Isiyoyeyuka

Walimfunga Mzee Tam ule mkono mmoja uliobaki na nguvu. Mkewe, Lai-sim, alipofika wodini saa ya kuona wagonjwa alimkuta amevalishwa glavu nene nyeupe, mfano wa zile za kushikia sufuria ya moto, na kamba ya glavu imefungwa kwenye chuma cha kitanda. Mpira mwembamba wa kulishia ulikuwa umeingizwa puani, ukabandikwa shavuni kwa plasta. Mkono wa kulia, ule uliokufa kwa kiharusi, ulilala juu ya shuka bila kufungwa na mtu. Hakukuwa na haja.

Lai-sim aliweka mkoba wake chini polepole, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu akawakuta wanagombana.

"Amefanya nini?" aliuliza.

Mhudumu aliyekuwa akitandika kitanda cha jirani hakugeuka. "Kaung'oa mpira. Akarudishiwa, kaung'oa tena. Akiung'oa anafungwa. Si mimi, mama, ndiyo sheria."

"Mtu huyu hata paka hajawahi kumpiga."

"Sijasema kapiga mtu. Nimesema kang'oa mpira."

Wageni wa vitanda vingine walitazama, kisha wakajifanya hawakutazama. Mama mmoja aliyekuwa akimenya chungwa alisogeza kiti chake ili Lai-sim apate nafasi ya kukaa karibu zaidi, halafu akaendelea kumenya. Lai-sim alikaa. Alimshika mumewe mkono wa kulia, kwa kuwa ndio uliokuwa huru, ingawa alijua hausikii.

"Mzee, ni mimi."

Mzee Tam alitazama dari. Tangu kiharusi kimwangushe kati ya makreti ya maembe hakuwa ametamka neno. Alipokuwa akiletewa chakula cha hospitali, wali na kuku vilivyosagwa pamoja mpaka vikawa na rangi ya saruji, alikaza meno na kugeuzia uso ukutani. Ndiyo maana mpira uliingia.

Nesi wa zamu aliitwa Kiu. Alikuwa msichana mrefu, mwenye sauti ya chini, na hakuwa na tabia ya kuzungumza na watu huku anatembea. Alivuta kiti.

"Mama Tam, mtaalamu wa kumeza atakuja Ijumaa. Mzee akimeza vizuri, mpira unatoka. Mpira ukitoka, mkono unafunguliwa, na anaweza kurudi nyumbani."

"Asipomeza?"

"Atakwenda nyumba ya wazee na mpira wake."

"Huko watamfungua?"

"Huko wahudumu ni wachache, mama. Wengi wenye mipira wanashinda wamefungwa."

"Mpaka lini?"

Nesi alitazama kamba iliyofungwa kwenye chuma cha kitanda, na Lai-sim hakurudia swali.

*

Duka la Tam lilikuwa mtaa wa To Kwa Wan, ubavuni mwa soko, mlango mmoja tu na viti vichache. Lilikuwa na vitamu vya moto vya maharage na ufuta kama maduka mengine, lakini watu walivuka bahari kufuata pudini ya embe. Mzee Tam alinunua maembe na kuyamenya. Lai-sim alipika. Kazi zao hazikuingiliana hata siku moja. Yeye hakujua kuchagua embe, na mumewe hakujua hata jelatini inawekwa kiasi gani.

Pudini yenyewe iligandishwa katika vibati vya umbo la samaki, ikapinduliwa sahanini baridi kabisa, ikamwagiwa maziwa ya kopo. Ikifika ulimini, haipo. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake. Mchuuzi mmoja aliwahi kuja na unga wa mwani, akamwambia Lai-sim kwamba ni rahisi na pudini yake itasimama kutwa bila friji. Lai-sim alimrudishia paketi yake. "Hiyo ni pudini ya kutafuna," alimwambia. "Kampe mwenye meno mengi."

Na kila asubuhi, samaki wa kwanza alipopinduliwa, Mzee Tam alichota kijiko, akamshikisha mkewe, akaushika mkono wake na kukielekeza kijiko mdomoni mwa mke. "Mpishi kwanza," alisema. Mpishi asipotikisa kichwa kukubali, hakuuziwa mtu.

Kulikuwa na sharti jingine. Mteja akikohoa, au akionekana na bandeji, Lai-sim alimuuliza kabla hajamhudumia: "Una kidonda? Umetoka kupasuliwa?" Akikubali, alipewa maharage ya moto, apende asipende, maana, kwa tiba ya jadi ya kwao, embe lina sumu ya unyevunyevu inayochokoza vidonda, na kila mtu mtaani alijua halimfai mgonjwa. Vijana walicheka, lakini walikula maharage.

Basi alipomwambia bintiye na wifi yake, wakiwa wamesimama kwenye korido mbele ya lifti za hospitali, kwamba atampelekea mzee pudini, wote wawili walimkatalia.

Yuk-ngo, dada mkubwa wa Mzee Tam, ndiye aliyeanza. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, anayebeba mwavuli hata jua likiwaka.

"Wifi, kiharusi kimempata yeye au wewe? Mtu mshipa umempasuka kichwani, unataka kumlisha embe?"

"Hali kitu kingine, Wifi."

"Wewe mwenyewe ulimnyima mpwa wangu pudini kwa sababu ya jipu! Jipu la mguuni!"

"Nakumbuka."

"Kwa hiyo jipu halifai, kiharusi kinafaa?"

Wai-yan, bintiye, aliyekuwa amekuja mbio kutoka kazini na bado ana kitambulisho cha ofisi shingoni, alijaribu kuwatuliza. "Shangazi, punguza sauti. Mama, hata kama si embe, hospitali wamekataza chakula cha nje."

"Baba yako amefungwa kama mbuzi," alisema Lai-sim. "Nilidhani mmemwona."

Lifti ilifunguka. Watu waliotoka ilibidi wapite katikati yao.

*

Alikwenda sokoni peke yake. Muuza matunda alimjua miaka yote, lakini alizoea kuuza kwa mumewe. Lai-sim alishika embe hili, akaliacha, akashika lile.

"Haya mazuri, mama. Yachukue."

"Mazuri kweli?"

"Mimi nikudanganye?"

Alimdanganya kidogo. Maembe yalikuwa na nyuzi, na ilibidi Lai-sim ayapitishe kwenye chujio mpaka mabega yakauma. Lakini pudini ilitoka. Aliipindua, ikatikisika vile inavyotakiwa. Kwa haraka hakuionja. Aliifungia kwenye chupa ya chai yenye barafu, akaificha chupa katikati ya nepi za mumewe ndani ya mkoba, akapanda wodini kama mwizi.

Alivuta pazia la kitanda. Alipofungua chupa, harufu ikatoka. Mzee Tam akaacha kutazama dari.

"Unaijua hii," alinong'ona mkewe. "Eh? Unaijua."

Akafungua mdomo. Mtu aliyekuwa amekaza meno kwa siku zote hizo alifungua mdomo kama ndege. Lai-sim alimpa mkia wa yule samaki wa pudini kwanza, kisha tumbo. Koo lilipanda na kushuka. Machozi yalimtoka mzee pembeni mwa macho, na mkewe aliyafuta kwa kidole huku anacheka bila sauti. Hakukohoa hata kidogo. Yule mama wa machungwa alichungulia pembeni mwa pazia, akaona, akalifunga vizuri zaidi ili mhudumu asione.

Kulikuwa na sauti ndogo kooni mwa mzee alipokuwa akipumua, kama maji yanayochemka mbali. Lai-sim aliisikia. Alidhani ni raha.

Kesho yake alimkuta na barakoa ya oksijeni, uso umemwiva, kifua kinapanda na kushuka kama cha mtoto aliyelia sana. Homa ya mapafu. Ijumaa ile ikapita bila mtaalamu kumgusa.

Nesi Kiu hakuuliza mbele ya watu. Alimwita Lai-sim kwenye chumba cha kuoshea mabeseni. "Mama, alikula nini?"

"Pudini. Nilimlisha mimi."

Alisema mara moja, bila kujitetea, na Nesi Kiu, aliyekuwa amejiandaa kwa maneno makali, akabaki ameshika beseni.

Yuk-ngo alikuwa amewafuata hadi mlangoni. "Si nilisema? Si nilisema embe ni sumu? Mdogo wangu umemuua kwa mkono wako!"

"Si embe, bibi," alisema Nesi Kiu. "Hata lingekuwa pera. Tatizo ni kuyeyuka. Mzee kwa sasa hawezi maji. Maji yanakimbia, koo lake haliwahi kufunga, yanaingia mapafuni, na yeye hata hajui akohoe. Pudini ya mama inaingia mdomoni ikiwa nzito, kisha inageuka maji."

"Ndivyo inavyotakiwa," alisema Lai-sim. Sauti ilikuwa ya mtu anayejibu swali la dukani. "Inatakiwa iyeyuke."

"Najua, mama. Nilikuwa nakula kwako nikiwa mwanafunzi."

Hapo ndipo Lai-sim alipokaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafunika uso kwa mikono. Yuk-ngo alitazama pembeni.

"Siwezi kumficha daktari," aliendelea Nesi Kiu. "Nitamwambia ulimlisha. Ila nitamwambia na hili jingine pia."

"Lipi?"

"Kwamba alifungua mdomo. Hapa hakuna aliyewahi kumfungua mdomo."

*

Homa ilishuka polepole. Daktari alisema mzee atapimwa mara moja tu, na baada ya hapo kitanda kinahitajika, nafasi kwenye nyumba ya wazee imekwisha kupatikana. Hakusema kwa ubaya. Alisema huku anatazama saa ya ukutani, na Lai-sim akainama na kumshukuru, kisha akajiuliza njia nzima anashukuru nini.

Glavu ilibaki mkononi mwa mzee. Wahudumu sasa walimkagua Lai-sim mkoba kila alipoingia. Walizitoa nepi moja moja juu ya meza, mbele ya wageni wote, wakazirudisha bila kuzikunja. Alisimama akasubiri. Alijua kosa ni lake.

Nesi Kiu alimwambia kuna unga unaouzwa kwenye maduka ya dawa, wa kufanya vinywaji vya wagonjwa viwe vizito, na upo mwingine wa kugandisha ambao hauyeyuki mdomoni. "Tengeneza pudini kwa huo. Uilete siku ya kipimo. Mtaalamu akiiona inafaa, atamjaribu nayo badala ya chakula chetu."

Lai-sim aliinua nusu ya mlango wa chuma wa duka lililofungwa, yeye na Wai-yan wakaingia kwa kuinama. Vumbi lilikuwa limekaa juu ya viti. Pudini ya kwanza iliharibika, ikawa na mabonge. Ya pili ikawa jiwe. Kila pudini iliyoganda waliiweka ulimini na kungoja, wametazamana, midomo imefumbwa kama watu walioapa. Ikilegea, ilimwagwa. Mwisho wakapata moja ambayo haikulegea. Ilikaa mdomoni na kukataa kwenda popote.

Wai-yan aliimeza kwa shida. "Mama. Hii ni ya kubandikia matangazo ukutani."

Lai-sim alicheka mpaka akashika meza. Kisha hakuweza kuacha, na kicheko kikawa kitu kingine, na bintiye akamshika mabega.

"Ataila hii?" alisema. "Mwanangu, baba yako ataila hii? Ningempa mtu pudini kama hii dukani, angenifukuza yeye mwenyewe."

"Na nyuzi bado zipo, Mama. Hizi nyuzi zitamkwama."

"Najua. Sijui kuchagua. Sijawahi kujua."

Mwavuli uligonga mlango wa chuma. Yuk-ngo aliinama kwa shida, akaingia na mfuko wa plastiki, akauweka mezani. Ulikuwa na maembe ya Ufilipino, membamba, ya manjano, ngozi imeanza kukunjamana karibu na kikonyo.

"Bado nasema ni sumu," alisema. "Usidhani nimebadilika."

"Wifi..."

"Baba yetu aliuza matunda sokoni Yau Ma Tei. Nani unadhani alimfundisha huyo mumeo kunusa kikonyo? Mimi. Alikuwa mtoto wa kamasi, hanusi chochote." Alichukua moja ya maembe ya Lai-sim yaliyobaki, akalinusa, akalirudisha kama mtu aliyeokota soksi ya mtu mwingine. "Hili ulibambikiwa, hukuuziwa. Haya, nipe kisu. Kama ni sumu, basi ale sumu nzuri."

Akavua saa, akaanza kumenya. Alimenya vile vile kama mdogo wake, ganda likitoka kwa utepe mmoja mrefu, na Lai-sim ilibidi ageuke atazame friji.

*

Mtaalamu wa kumeza alikuwa kijana, Bwana Lok, mwenye viatu vya mpira visivyotoa sauti. Alikandamiza pudini kwa mgongo wa kijiko. Akaweka kipande ndani ya maji ya vuguvugu, akakiangalia kwa muda. Kilibaki kipande.

"Inafaa," alisema. "Tumjaribu."

Wakamketisha mzee wima. Wai-yan alisimama miguuni mwa kitanda, Yuk-ngo nyuma yake na mwavuli wake. Bwana Lok aliweka vidole viwili juu ya koo la mzee, tayari, na Lai-sim akasogeza kijiko.

Mzee Tam alikaza meno.

"Mzee, ni pudini. Embe. Kachagua dada yako."

Aligeuzia uso ukutani. Mara ya mwisho alipofungua mdomo kwa kijiko hiki alizama akiwa kitandani. Mwili ulikumbuka.

"Baba," alisema Wai-yan. "Baba, tafadhali. Kidogo tu."

"Acha ujinga we mtoto!" alifoka Yuk-ngo, na sauti yake ikavunjika njiani. "Nimeyamenya mwenyewe!"

Kijiko kiligusa mdomo, kikarudi. Kikagusa, kikarudi. Pudini ilianza kupaka kidevu. Bwana Lok alitoa vidole kooni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na vitanda vingine.

"Mama, tusimlazimishe. Tumejaribu."

Lai-sim hakumsikia. Alitazama mkono wa mumewe ndani ya glavu. Ulikuwa ukivuta kamba. Si kwa nguvu. Ulivuta, ukalegea, ukavuta tena, kama mtu anayemgusagusa mwenzake aliyelala.

"Nesi," alisema. "Mfungue mkono."

"Ataung'oa mpira, mama. Akiung'oa sasa hivi, basi tena."

"Mfungue."

Nesi Kiu alimtazama Bwana Lok. Bwana Lok alitazama saa. Kisha Nesi Kiu akavuta kiti, akaketi karibu kabisa na kitanda, goti lake likigusa godoro. "Nitakaa hapa mwenyewe," alisema, na akafungua kamba, akaivua glavu.

Mkono ulitoka mweupe, umekunjamana kwa jasho. Ulikaa kidogo juu ya shuka. Kisha ukapanda. Ulipita kifuani, ukapanda shingoni, na Wai-yan akaziba mdomo wake. Nesi Kiu aliinua mkono wake ili auwahi, lakini hakuushika.

Mkono ulipita mpira. Ukashika kifundo cha mkono wa Lai-sim, ule ulioshika kijiko, ukakigeuza kijiko, ukaanza kukisukuma. Ulitetemeka, lakini ulijua njia. Kijiko kilifika mdomoni kwa mpishi, kikasimama hapo.

Lai-sim alikuwa amesahau. Katika mbio zote hizo, za kuficha na kuomba na kuchuja, alikuwa amemlisha mumewe kitu ambacho yeye mwenyewe hakukionja mbele yake.

Akafungua mdomo, akala. Ilikaa ulimini kama gundi. Harufu ya embe ilikuwa nzuri, embe zuri sana, lakini mengine yote yalikuwa aibu. Aliimeza. Mumewe alikuwa akimtazama usoni, si darini, na asingeweza kumdanganya kwa hilo. Hakutikisa kichwa kukubali. Alichota tena, kwa kijiko kile kile, akangoja.

Mzee Tam akafungua mdomo.

Vidole vya Bwana Lok vilirudi kooni. Koo halikufanya kitu kwa muda mrefu, kisha likapanda, likashuka.

"Nataka kusikia sauti yake," alisema Bwana Lok taratibu. "Ikiwa na majimaji, imeingia pabaya. Mzee, sema 'aa'. 'Aa' tu."

Midomo ya mzee ilihangaika. Upande mmoja wa uso ulikwenda, mwingine ukabaki. Alikunja uso wote uliokubali kukunjwa.

"Mba," alisema. Akavuta pumzi. "Mbaya."

Ilikuwa sauti ya kukwaruza, sauti ya kabati lililofungwa siku nyingi, lakini haikuwa na tone la maji ndani yake.

"Kavu," alisema Bwana Lok. Akasikiliza tena, kana kwamba haamini. "Sauti kavu. Mpira utabaki kwa siku chache, kwa maji na dawa, mpaka tuwe na uhakika. Lakini aendelee. Mpe tena."

Yuk-ngo alikuwa akijipangusa macho kwa kitambaa cha mwavuli. "Katoka kuzimu, na neno la kwanza ni kulalamika," alisema. "Huyo ndiye mwenyewe."

Nesi Kiu aliikunja glavu mara mbili, akaitia mfukoni mwake.

"Mbaya sana," Lai-sim alimkubalia mumewe. Alimfuta kidevu, akachota kijiko kingine, na mkono wa mzee ukabaki pale pale, umeshika kifundo chake. "Mbaya mno. Haya, fungua mdomo."